Karatasi ya Mtani Wangu

Naandika haya nikiwa Kwamndolwa, Korogwe, nyumbani kwa mwanangu, kwenye daftari la mjukuu lililobaki kurasa nyingi baada ya yeye kufunga shule. Mwandiko wangu si mzuri. Nilisoma mpaka darasa la nne, la tano nilianza, nikaugua macho, nikaacha. Lakini kujumlisha najua. Kujumlisha ndiko kulikoniponza mara mbili katika maisha yangu, na nitazieleza zote mbili, ila nianze na ya pili, kwa sababu ndiyo bado inaniuma.

Kwetu ni Mazingara, huko Handeni. Huko maji ni taabu. Mtu wa kwetu akikuuliza habari za nyumbani, maana yake ndani kabisa anauliza kama kisima kina maji. Mimi na mtani wangu tulikuwa wachimba visima. Mtani wangu ni Mnyamwezi, baba yake alikuja zamani kukata mkonge huku Korogwe, hakurudi kwao, akaoa hapa, akazaa hapa. Mimi Mzigua. Sasa Mnyamwezi na Mzigua ni watani, hilo halina mjadala, tulilikuta na tutaliacha. Anaweza kuingia kwangu akamkamata jogoo, akaondoka naye mchana kweupe, nami nisifungue mdomo. Naye kila tulipokutana alininyang'anya kofia. Kabla ya salamu, kofia. Anaivaa yeye, ananipa mkono, anasema, "Nyie mlikuwa mnauzana kwa pishi ya mahindi wakati wa njaa, kofia umeipata wapi?" Mimi namjibu, "Mpagazi wangu, shusha mzigo kwanza upumzike." Maana wao babu zao walibeba mizigo kwenda pwani. Basi siku imeanza.

Tulichimba pamoja miaka zaidi ya ishirini. Yeye chini, mimi juu na kamba. Watu walidhani ni kwa sababu yeye mwembamba. Si hivyo. Mimi naogopa shimo. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akavua shati akashuka, na tangu siku hiyo hakuniambia nishuke, wala hakumwambia mtu kwa nini sishuki. Kunitukana alinitukana kwa kila kitu, kwa kichwa changu, kwa ukoo wangu, kwa mguu wangu huu unaochechemea. Kwa hilo la kuogopa shimo hajanitukana hata mara moja.

Kamba ilikuwa na lugha yake. Akivuta mara moja, pandisha ndoo. Mara mbili, teremsha mtaimbo. Akiitikisa mfululizo, nitoe. Lakini hasa sikuwa natazama kamba. Nilikuwa nasikiliza mdomo. Chini kule kuna hewa mbaya, mtu analegea bila kujua, na wachimbaji wengi wameishia hivyo. Kwa hiyo mtani wangu alipokuwa chini alinitukana mfululizo kwa sauti. Kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, sauti inatoka shimoni, "Mzigua, umesinzia? Mzigua, huyo mama anayepita ni shangazi yako, mwamkie, una adabu gani?" Akinyamaza kidogo tu, navuta. Mara nyingine navuta nakuta alikuwa anakunywa maji.

Nikumbuke pia mazishi ya mama watoto wangu, nisije nikapitiwa. Kaburi alilichimba mtani wangu. Tulipofika na jeneza, tukamkuta amelala ndani ya kaburi, mikono kifuani. Shehe anasema, "Toka bwana, tuzike." Akasema, "Sitoki. Huyu mke ni wangu, huyu Mzigua alimwiba. Nizikeni naye." Watu wakamtupia shati la kumkomboa mtani, akakataa. Wakamtupia panga, akakataa. Akasema anataka kofia yangu. Nikaivua nikamtupia. Nilikuwa sijatoa chozi siku mbili, na pale nilipomwona anaivaa ile kofia akiwa amelala kaburini, nikacheka. Nikacheka mbele za watu, kwenye mazishi ya mke wangu, halafu ndipo nikalia. Daktari asingeweza kufanya vile.

Basi. Ukaja mradi wa maji.

Mradi ulitaka kuchimba visima vifupi na kufunga pampu za mkono, na kila kisima kiwe na kikundi cha watu watano, wachimbe wao, wakitunze wao. Kazi ya kwanza ya mradi wowote ni mikutano, ya pili ni karatasi. Karatasi yenyewe waliita dodoso la tabia na mwenendo wa kazi. Walisema miradi mingine ilikufa kwa sababu vikundi viliundwa kwa undugu na urafiki, watu wakagombana. Safari hii watu watapangwa kitaalamu. Na wakasema jambo lililowahusu wachimbaji moja kwa moja: tangu sasa hakuna kisima kitakachochimbwa kienyeji katika kata. Aliyeko kwenye kikundi anachimba. Asiyeko hachimbi.

Mkumbuke hilo. Mtani wangu hakuwa na shamba lake. Alilima pembeni pa shamba la watu, kwa hisani. Mke aliondoka zamani. Binti yake mmoja ameolewa Mkumbara, barabara ya Moshi. Kisima ndicho kilichokuwa mji wake. Akinyimwa kisima, hana la kumfanya aitwe mtu wa Mazingara.

Ofisi ya kata ikatafuta mtu anayejua Kizigua na Kiswahili, mtu mzima, anayejua kujumlisha, awasomee wazee maswali na kukusanya alama. Wakanitaja mimi. Mimi. Nilipelekwa Handeni mjini siku mbili kwenye darasa lenye viti vya plastiki, nikapewa fulana na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni chenye picha yangu. Sijawahi kuwa na picha yangu inayoning'inia. Nililala nacho, sioni aibu kusema. Hapana, aibu naona.

Aliyetufundisha alikuwa binti mmoja wa mjini, mpole, akitusalimu kila mmoja kwa shikamoo yake, hakupunguza. Sitamsema vibaya. Alitueleza hivi. Kuna sentensi thelathini. Unamsomea mtu, kwa mfano, "Nikianza kazi naimaliza." Yeye anachagua namba. Moja, si mimi kabisa. Tano, ndiyo mimi hasa. Sentensi nyingine zina nyota, hizo zimegeuzwa, kwa mfano, "Huwa nagombana na wenzangu." Hapo mtu akisema tano, alama yake inakuwa moja. Unachukua sita, unatoa alichosema. Halafu unajumlisha mafungu manne: kuongoza, kumaliza kazi, kusikilizana na kuaminika. Kompyuta ndiyo itakayochanganya watu, kila kikundi kipate wa kila fungu.

Akasema, "Wazee wangu, jambo moja tu naomba. Andika anachosema mdomo. Usiongeze, usipunguze, usimsaidie."

Yale maneno, usiongeze usipunguze, yaliniingia kwa namna ambayo yeye hakujua. Hapo ndipo panapoingia ile mara ya kwanza niliyosema. Nikiwa kijana nilikuwa mhesabu matita shambani mkonge, huku huku Korogwe. Wakataji wanafunga majani matita matita, wanayapanga, mimi napita na kalamu. Kulikuwa na mzee mmoja mkataji, anakohoa damu, siku hiyo hakufikisha. Nikamwongezea matita. Msimamizi akarudi kuhesabu. Niliondolewa kazini mbele ya watu, nikavuliwa ile kalamu sikioni kama askari anavuliwa cheo, na baba yangu aliishi miaka mingi baada ya pale akinitambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye yule aliyeongeza." Kwa hiyo binti aliposema usiongeze, mimi nilitikisa kichwa kuliko wote darasani.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Na siku ya kwanza tu nikaona kuna kitu hakikai sawa.

Kuna mama mmoja kwetu, mama mzima, ndiye anayepanga misiba, ndiye anayewasuluhisha wanandoa, hata mwenyekiti wa kitongoji akitaka kusema neno anamtazama yeye kwanza. Nikamsomea, "Watu hunisikiliza ninapoongea." Akainama, akachora chini kwa kidole cha mguu. "Aa, mimi nani anisikilize. Andika moja." Nikamsomea, "Naweza kuongoza wenzangu." Akasema, "Moja. Au hakuna chini ya moja?" Sasa kwetu mtu mwenye malezi atajisifu vipi mdomoni mwake? Ukitaka kujua sifa za mtu unamuuliza jirani yake, na ukitaka kujua ubaya wake unamuuliza mtani wake, na bado unapunguza nusu. Yeye mwenyewe hata umpige fimbo atasema hajui kitu.

Nyumba ya pili yake yuko fundi redio, mtu wa maneno. Redio zilizoingia kwake nyingine bado ziko kwake. Huyo kila sentensi tano. "Nikianza kazi naimaliza." Tano. "Wenzangu wananiamini." Tano, na akaniuliza, "Mzee, hamna mahali pa kuandika maelezo?" Mke wake alikuwa anapepeta mahindi mlangoni. Akasema, bila kuinua uso, "Ile redio ya mama yangu ina mwaka wa ngapi hapo ndani?" Fundi akasema, "Hilo halimo kwenye dodoso." Na kweli halikuwamo.

Nikaandika. Moja za mama yule na tano za fundi. Niliona, nikaandika.

Siku ya tatu nikafika kwa mtani wangu. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha banda lake la jiko, anasuka upya mwisho wa kamba yetu uliokuwa umeanza kufumka. Akaniona na fulana yangu. Akaweka kamba chini taratibu, akasimama, akaja, akaacha kofia, akakishika kile kitambulisho, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Masikini. Alikufa lini?"

Tukacheka. Akanikalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, yeye akarudi kwenye kamba. Nikamwambia, mpagazi, hii ni kazi, jibu vizuri. Akasema, soma.

Nikasoma, "Ninapofanya kazi na wenzangu, huwa tunagombana."

"Wenzangu gani?"

"Wowote."

"Mimi mwenzangu ni wewe tu. Andika tano. Kama kuna sita, andika sita."

"Mwisho tano."

"Basi tano. Na chini yake weka, Mzigua ndiye anayeanza."

Nikacheka, nikaandika tano. Nikasoma, "Huwa nawaachia wenzangu kazi ngumu."

"Tano. Kazi ngumu si hiyo ya kukaa kivulini umeshika kamba? Mimi najilalia zangu chini."

Nikaandika tano. "Wenzangu wananiamini."

"Moja. Aniamini nani? Kuku zako zikiniona zinapanda mti."

Nikaandika moja. "Nikikosea huwa nakubali kosa langu."

"Moja. Sijawahi kukosea tangu nizaliwe. Muulize mama yangu, ila usimuulize wewe, atakufukuza."

Hivyo mpaka thelathini. Kila swali alilipokea kama anavyolipokea neno langu lolote, akalirudisha kwa tusi, maana aliyemsomea ni mimi. Angesomewa na mgeni angejibu kama yule mama, moja kwa heshima. Kwangu mimi kujibu kwa heshima kungekuwa dharau. Mtani hajibiwi kwa adabu. Nilijua hilo wakati kalamu inatembea. Nilikuwa nacheka na kuandika, nacheka na kuandika. Nilipofunga faili akauliza, na hapo hakutania, "Hii itanipa kisima?"

Nikamwambia, "Itatupa."

Akasema, "Basi nitaimaliza hii kamba."

Kujumlisha nilifanyia kwangu, mezani, asubuhi, nimejimwagia maji usoni. Nikageuza zenye nyota. Tano zake za kugombana zikawa moja. Tano zake za kuachia wengine kazi zikawa moja. Nikajumlisha fungu la kusikilizana, nikajumlisha la kuaminika. Nikarudia, kwa sababu nilidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Katika karatasi zote nilizokusanya, ya chini kabisa ilikuwa ya mtu aliyenishikia siri yangu miaka ishirini.

Kalamu ilikuwa mkononi. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kurudi kwake, nikamwambia, mpagazi, acha mchezo, jibu kama unaongea na shehe. Ni mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kuandika pembeni maneno matatu, huyu alikuwa anatania. Niliwaza yote hayo. Halafu nikamwona yule msimamizi wa mkonge, na baba yangu akiwaambia wageni. Nikajiambia, safari hii hutaongeza. Nikatia sahihi. Nilijiona mtu mwaminifu, na hilo ndilo linalonichukiza nikilikumbuka, kwamba nilipokuwa nafunga ile bahasha nilikuwa najisikia vizuri.

Binti wa mradi alikaa ofisi ya kata na kompyuta yake, mimi pembeni kumsomea majina yasiyosomeka. Alipofika kwa mtani wangu akasimama. Akavuta karatasi yenyewe, akaisoma kwa macho, ukurasa kwa ukurasa.

"Babu, huyu mzee unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Anasema anagombana, anawaachia wenzake kazi, hawamwamini, na akikosea hakubali. Yote amesema tano na moja, hana hata tatu. Ndivyo alivyojibu?"

Sasa ona. Alinipa nafasi. Mtoto wa mjini asiyejua utani wa Mzigua na Mnyamwezi, aliona kwa akili yake tu kwamba kuna kitu, akaniuliza mimi ninayejua. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja. Nilishika kitambulisho changu, nikasema, "Ndivyo alivyojibu."

Akasema, "Mtu kama huyu kisimani ni hatari kwa wenzake." Akabonyeza.

Majina yalisomwa uwanja wa shule ya msingi. Mtani wangu alikuja amevaa kamba begani, ameisuka mpaka mwisho, inang'aa. Vikundi vikasomwa. Fundi redio akawa mwenyekiti wa kikundi chetu. Yule mama anayeongoza kijiji kizima akawekwa kufagia na kufyeka majani kuzunguka pampu. Mimi nikatajwa mshika kamba. Wa kushuka chini akatajwa kijana wa watu kutoka kitongoji cha mbali, mwenye alama nzuri.

Wakamaliza. Mtani wangu akaja akanivua kofia, akaivaa. "Mzigua, umenificha wapi? Nitoe sasa, utani umekolea."

Alidhani ni utani. Alidhani nimepanga na watu wa mradi kumchezea. Alikuwa anacheka, anatazama huku na huku kumtafuta atakayelitaja jina lake.

Nikamwambia, "Labda karatasi imepotea. Nitafuatilia."

Hilo neno ndilo. Kuandika, sawa, niliambiwa niandike. Lakini hilo la karatasi imepotea hakuniambia mtu. Lilitoka kwangu mwenyewe, likiwa limepoa kabisa. Akanirudishia kofia akaniwekea kichwani, akaninyooshea vizuri. Akasema, "Fuatilia basi." Akaenda na kamba yake.

Siku ya kwanza ya kuchimba nilishika kamba mpya ya mradi, ya nailoni, inateleza. Kijana akashuka. Kijana mzuri, mwenye adabu. Adabu yenyewe ndiyo ilikuwa taabu, alichimba kimya. Nasikia sururu, halafu sisikii. Nikavuta. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, akagonga bega ukutani, akatoka juu amekasirika, lakini kwa adabu. "Mzee, kuna nini?" Nikamwambia ulinyamaza. Akasema, "Si nilikuwa nafanya kazi." Nikamwambia basi uwe unaongea. Akauliza, "Niongee nini?" Niliinama pale mdomoni mwa shimo nikaona nimechakaa.

Kisima kilitoa maji, ya chumvi kidogo. Pampu ikafungwa, wakapiga picha. Kikundi chetu kilichopangwa ili kisigombane kiligombana kabla ya mvua za vuli. Mwenyekiti akafungua pampu mwenyewe kusema anaitengeneza, vifaa vingine havikurudi. Tukiitana mkutanoni watu wanamtazama yule mama mfagiaji aseme, naye anasema, "Mimi kwenye karatasi si kiongozi." Hasemi kwa hasira. Anasema tu, anachukua ndoo yake anaenda lamboni kama zamani. Binti wa mradi mkataba wake ulikwisha, akatuaga vizuri, akatuletea sukari. Nilitaka kumwambia siku ile. Nikaona namharibia safari.

Mtani wangu hakuambiwa na mimi. Aliambiwa na fundi redio, mashineni, wanasubiri unga, mbele ya watu. Mwenyekiti alikuwa na orodha yenye alama zote, akamsomea zake, swali kwa swali, na akasema nani aliandika. Mtu aliyekuwepo aliniambia kwamba mtani wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Yote thelathini?" Akajibiwa yote. Akachukua unga wake akaenda.

Hakuja kwangu. Nilimngojea, nikafungulia jogoo makusudi azunguke uwanjani. Siku ya nne nikaenda, nikakuta mlango umefungwa kwa waya. Jirani akasema amekwenda kwa bintiye Mkumbara. Kamba ameiacha inaning'inia kwenye boriti ya jiko. Haikuwa mali yake peke yake, ilikuwa yetu, na aliniachia yote.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kwenda. Mwaka na zaidi. Kila mwezi nilisema, mwezi ujao. Halafu mguu ukazidi, mwanangu akanichukua nikae hapa Kwamndolwa, na toka Korogwe mpaka Mkumbara si mbali, visingizio vikaisha. Mwezi uliopita nikapanda basi la asubuhi. Njiani nilikuwa natengeneza tusi. Nilitengeneza zuri sana, refu, la tangu babu zake walipotoka Tabora.

Nilimkuta kwenye kibanda cha bintiye kando ya barabara, anapanga nyanya mafungu mafungu. Amekonda. Nikasimama mbele ya meza, nikainamisha kichwa kidogo ili kofia iwe karibu na mkono wake. Nikasema, "Mpagazi, bado hujafa?"

Akainua uso. Akanitazama. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameshika kiwiko, kama anavyosalimiwa mkwe.

"Karibu mzee. Bado tupo, tunamshukuru Mungu. Habari za safari?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita mzee. Tulizaliwa msimu mmoja.

Akamwita bintiye alete kiti. Nikaletewa kiti chenye mto. Nikaletewa maji ya kunawa, chai, na kiazi cha Lushoto kilichochemshwa, na nilipokula akasimama pembeni hakukaa. Nikamwambia yote. Matita ya mkonge, ambayo sikuwahi kumwambia. Binti wa mradi alivyoniuliza na nilivyojibu. Karatasi kwamba haikupotea. Nikamwambia nilijua ulikuwa unatania, nilijua kila neno.

Akasema, "Najua ulijua, mzee."

Nikamwambia unitukane basi.

Akasema, "Hapana mzee wangu. Uliandika nilichosema. Mtu asemeshwe kwa uangalifu, ndivyo nilivyojifunza." Na hakusema kwa uchungu, wala hakuwa ananichoma. Alikuwa ananiheshimu. Akaniuliza habari za wajukuu, nikamjibu. Akaniuliza habari za mvua, nikamjibu. Mteja akaja akanunua mafungu mawili, akamhudumia, akarudi akasimama palepale.

Nilipoinuka kuondoka, mguu huu ukakataa. Alikuwa amenifungia nyanya na viazi kwenye mfuko, mzito. Nikaushika, nikayumba. Akanichukulia mfuko mkononi, akasema, "Niachie mzee, nitakubebea," akautupa begani, akatangulia kwenda kwenye kituo.

Mnyamwezi amembebea Mzigua mzigo, mchana, barabara kuu, watu wanaona. Miaka ishirini nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Alitembea mbele yangu taratibu kwa ajili ya mguu wangu, mgongo umeinama, na mimi nyuma yake na kofia yangu kichwani. Nilijua kwamba yeye naye anajua. Nilifungua mdomo nimwite mpagazi. Basi likafika, akanipandishia mfuko, akanishika mkono ngazini, akasema, "Safari njema mzee, usalimie nyumbani."

Viazi bado vipo. Mkwe wangu anauliza kwa nini hatuvipiki.